Mkalimani Alikuwa Mkwe Wake

Watu wakisema Wadachi, hao Wajerumani wa zamani, walituletea dawa, mimi huwa sibishi. Dawa niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa unga mweupe kwenye chupa ya kahawia, na ilimsaidia mama yangu kwa siku tisa. Ninachobishia ni hayo mengine, na nikishaanza kubisha sinyamazi, ndiyo maana wajukuu zangu wameacha kuniuliza. Haya nayasema bila kuulizwa.

Mama alikuwa na baridi yabisi. Alikuwa mwanamke wa Mgeta, kule juu ambako ukiangusha jembe inabidi uteremke kulifuata. Shamba lilikuwa lake, la ukoo wake, maana kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Alilima maharage na magimbi mpaka viungo vilipomshika, kwanza vidole, kisha magoti, kisha nyonga. Kiangazi kimoja nilipanda kwenda kumwona, nikakuta hawezi kujifunga kanga. Jirani alikuwa akija asubuhi kumfunga, na siku jirani akichelewa, mama alikaa ndani akingoja. Mwanamke aliyezaa watoto sita na kuzika watatu, anangoja kufungwa nguo. Niliteremka mlima ule nikilia kwa hasira, na nikaapa kwamba atapona.

Mimi nilikuwa nimeolewa mjini Morogoro. Mume wangu ni mtu wa Mlali aliyekulia mjini. Alikijua Kiluguru cha mama yake na Kiswahili cha watu wa barazani, na kwa sababu hiyo daktari mmoja wa Kidachi alimchukua awe mkalimani wake. Daktari huyo hakuja kutibu askari. Alikuja kwa utafiti. Alitaka kujua kwa nini watu wa milimani wanakakamaa viungo, kama ugonjwa wao ni ule ule wa kwao Ulaya, na kama unga wake unaweza kuuondoa. Alijengewa banda refu nyuma ya boma, likapakwa chokaa, likawekwa vitanda vya kamba, na humo aliwalaza wagonjwa aliowachagua mwenyewe. Aliyechaguliwa alipata unga kila siku. Asiyechaguliwa alirudi kwao na ugonjwa wake.

Ni mimi niliyemwomba mume wangu amwingize mama. Nalisema hilo mapema, maana nina hasira na watu wengi katika habari hii na mmoja wao ni mimi. Mume wangu alikubali shingo upande. Aliniuliza, "Mama mkwe alale pale, na mimi nisimame mbele yake kila siku? Umefikiri vizuri?" Nikamwambia afikirie magoti ya mama, aibu zake aziache nyumbani. Akamtaja kwa daktari kama mgonjwa wa milimani tu, bila kusema ni mkwe wake. Na kusema kweli nilikuwa najivuna. Mke wa mkalimani, mama yake anapita mbele ya wote. Nilijiona nimefika.

Mtu asiyetoka kwetu atashangaa aibu hiyo ni ya nini, basi nimweleze. Kwetu milimani mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana hadi kupishana njia. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na habari za mwili hazitajwi kati yao hata kidogo. Mkwe akikuuliza hali, jibu ni moja tu, umeamka salama. Hata ukiwa unakata roho, mbele ya mkwe umeamka salama. Mama alikuwa mtu wa kuyashika hayo kuliko wengine wote niliowajua. Na mimi, binti yake niliyelelewa humo humo, nilidhani ugonjwa utamlegeza.

Wana wa mjomba walimteremsha kwa machela, siku mbili njiani, wakapumzika Mlali. Asubuhi yake ya kwanza bandani nilikuwa nje ya mlango nikimpikia uji, maana kila mgonjwa alipikiwa na ndugu zake. Nilisikia kila neno. Kiswahili cha daktari kilikuwa cha kukatakata lakini kilieleweka.

"Muulize anaumwa wapi," daktari alisema. "Muulize akichuchumaa inakuwaje. Muulize habari za haja ndogo, na damu ya mwezi ilikoma lini."

Mume wangu aligeukia ukuta. Akasema kwa Kiluguru, "Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Mama alishajitanda kanga hadi puani. "Marahaba, baba. Nimeamka salama."

Mume wangu akamgeukia daktari. "Anasema haumwi sana, bwana. Haja ndogo ni nzuri. Damu ilikoma zamani."

Daktari akaandika. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, uji unaungua. Maswali matatu ya mwili yameulizwa, hata moja halikumfikia mama, na majibu matatu yamekwisha kuingia kwenye daftari. Mtu amejibu haja ndogo ya mama yangu huku anatazama chokaa.

Mchana nilimngoja mume wangu nyumbani. Nilimuuliza amepata wapi habari za haja ndogo ya mama. Alinawa mikono polepole kisha akasema, "Ulitaka nimuulize mama yako jambo lile? Kwa mdomo huu?" Nikamwambia basi amwombe daktari mkalimani mwingine. Akasema hakuna mwingine anayejua Kiluguru, na akimwambia daktari kwamba hawezi kuuliza maswali, kesho hana kazi. "Yeye anasema ameamka salama," aliniambia, "na mimi nasema ameamka salama. Uongo wangu uko wapi?" Nilimwekea chakula na sikula naye. Nilimpenda mume wangu, tulikaa miaka mingi kwa wema, lakini neno lile sijamsamehe.

Nikajaribu kwa mama. Akishaondoka mkalimani, mama aliguna na kuuma pembe ya kanga wakati namgeuza. Nikamwambia, mama, mguno huo umgunie daktari, ndiye mwenye dawa. Alinitazama kama niliyetukana. "Daktari nitamgunia," alisema. "Lakini yule anayesimama kando yake ni nani?"

Nilimfunika miguu, nikatoka.

Basi nikamwendea daktari mwenyewe. Nilimkuta kwenye meza yake na utepe wa kupimia. Kila siku alipima unene wa magoti ya wagonjwa, na viganja vyao aliviweka juu ya karatasi akavizungushia kalamu ya risasi, vidole vyote vilivyopinda vikabaki pale kwenye karatasi kama mizizi ya tangawizi. Nilimsalimu kwa adabu. Nikamwambia mama anaumwa sana kuliko anavyosema, na kwamba mimi najua Kiswahili na Kiluguru, niachiwe niwe namuuliza.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alicheka kidogo kwa upole, akasema, "Ndugu wa mgonjwa siku zote hutia chumvi. Utafiti unataka neno la mgonjwa mwenyewe." Nikamwambia neno la mgonjwa halijamfikia bado. Akasema mkalimani wake ni mtu mwaminifu. Nilijua nikisema mkalimani ni mume wangu na mgonjwa ni mkwe wake, mume wangu anafukuzwa siku ile ile na mama pengine naye. Nikalimeza. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, na mimi nikalimeza.

Na jambo linalonichoma zaidi ni kwamba ule unga ulifanya kazi. Ulikuwa mchungu, masikio yakamvuma, lakini siku ya tano mama alishika kata ya maji mwenyewe na kunywa. Alicheka. Siku ya saba alijifunga kanga. Fundo lilikuwa baya, limelegea, likamchukua muda wa kupika ugali, lakini ni lake. Maumivu hayakuwa yamekwisha, nyonga zilikuwa bado moto, ila dawa ilikuwa imeanza kuingia. Alihitaji siku zaidi. Yeyote mwenye macho angeona alihitaji siku zaidi. Nilianza kuhesabu kwamba mvua za vuli zitamkuta shambani kwake.

Lakini kila asubuhi yaliendelea yale yale. Shikamoo, mama. Marahaba, baba, nimeamka salama. Na kwenye daftari, maumivu hakuna, maumivu hakuna, maumivu hakuna.

Siku ya tisa alikuja Mzungu mwingine, mgeni, wa kuonyeshwa kazi. Daktari alisimama kwenye kitanda cha mama akamfungulia yule mwenzake daftari. Kisha akamwambia mume wangu, "Mwambie ainuke aende mlangoni." Mume wangu akamwambia ukuta, "Mama, wanaomba usimame kidogo." Na mama yangu akasimama. Alijikaza kisabuni. Alitembea hatua zote mpaka mlangoni, jasho linamtiririka shingoni, na akarudi, kwa sababu mkwe alikuwa anatazama. Mgeni akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Daktari akaeleza kwa lugha yao, kisha akatuambia kwa Kiswahili kwamba uvimbe uliobaki ni wa zamani, maumivu yenyewe yamekwisha, mama ni mzima, unga unasimama leo na kitanda kinapata mtu mwingine.

Hapo damu ilinichemka. Niliingia bandani na moshi wangu wa kuni. Nikasema, "Si mzima. Daftari lako ni la uongo tangu siku ya kwanza. Huyu mkalimani ni mume wangu, na mgonjwa huyu ni mkwe wake, na kwetu mtu hamwambii mkwe kwamba anaumwa. Hajaulizwa hata swali moja."

Daktari alimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama miguu yake. Mgeni aliuliza jambo, hakujibiwa.

"Kama anaumwa," daktari alisema, "aseme mwenyewe sasa."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilimshika mama mikono, nikamwambia kwa Kiluguru, mama, sema. Akatikisa kichwa. Nikamwambia, ukinyamaza leo utakaa tena ndani kungoja jirani akufunge nguo. Sema kwa ajili yangu. Nilimsukuma hivyo, na watu wote wanasikia, hadi akaishusha kanga usoni.

Akamtazama mkwe wake machoni. Tangu nilipoolewa sikuwahi kuona hivyo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, bila haraka. Alisema nyonga zinamwaka. Alisema hawezi kuchuchumaa, na haja kubwa anashikiliwa na mimi mabegani kama mtoto. Alisema mkojo humtoka kabla hajafika, na kwamba chini ya mkeka wake kuna matambara, na ni mimi ninayeyafua. Alisema dawa inamsaidia na anaomba asinyimwe. Mume wangu alitafsiri neno baada ya neno. Safari hii hakuruka hata moja.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akafunua daftari nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akagonga kila mahali kwa kidole. "Siku nane anasema hakuna maumivu," alisema. "Siku ya kuondoka, maumivu yote yamerudi. Wote hufanya hivi. Wanapenda kukaa hapa wapikiwe." Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia, kwa unga wangu na kuni zangu. Alimwambia mgeni neno kwa Kidachi, wakaenda kitanda kinachofuata.

Hakuandika alichosema mama. Nilimtazama mkono. Kalamu alikuwa nayo, na hakuandika.

Jioni ile ile mama alikataa kuja nyumbani kwangu. Alilala kwa mwanamke mmoja wa Mgeta aliyekuwa akiuza ndizi karibu na sokoni, na alfajiri wana wa mjomba wakampandisha. Mume wangu aliacha kazi ya ukalimani mwezi ule, bila kufukuzwa. Eti nimshukuru. Unga ulibaki kwenye chupa, na daftari likasafiri Ulaya, na huko hadi leo, sijui ndani ya kabati gani, mama yangu amepona.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Vidole vilifunga kabisa vikawa ngumi. Nilikuwa napanda kila nipatapo nafasi, namlisha, namwogesha, na mume wangu akinisindikiza kubeba mizigo. Hakuingia ndani hata mara moja. Alikaa uani kwa jirani au alipasua kuni nyuma ya nyumba, na siku zote alizokuwa huko mama hakuguna. Nilimgeuza, nikaona machozi yanatoka, sauti haitoki. Nilimwambia, mama, ulishayasema yote mbele yake, sasa unaficha nini? Alisema, "Nilisema kwa sababu wewe ulinishika mikono." Nikaenda kuchota maji ili asinione.

Siku yake ya mwisho ilikuwa mchana, jua kali, na shoka la mume wangu linasikika nyuma ya nyumba. Mama aliniita nisogeze sikio. Nilidhani anataka maji au anataka kuniachia neno la shamba. Aliniomba nimtume mkwe wake mahali, mbali kidogo, popote. Nilitoka nikamwambia mume wangu ateremke hadi Mlali atuletee chumvi. Chumvi tulikuwa nayo. Aliangalia uso wangu, akaweka shoka chini, akaenda. Nilirudi ndani, mama akaniuliza ameshafika wapi. Nikamwambia amevuka kijito. Akaniuliza tena, nikamwambia sasa haonekani.

Ndipo mama yangu akalia.