Mstari wa Paa la Ghala

"Hivi jirani, hivyo vidude vya mababu bado vina kazi?" mama wa nyumba ya pili alimuuliza siku moja, alipomkuta anafuta kioo kidogo kwa kitambaa cha pamba.

"Vinayo. Simu ya nahodha huzimika, jua halizimiki," alijibu Mama Vipimo bila kuinua kichwa.

Jina hilo lilimganda tangu afiwe na mumewe, akarithi meza yake na kazi yake. Chuo cha mabaharia humletea vipimo vya jua vya shaba, vya zamani, avikague na kuvirekebisha. Kipimo hicho ni kizito kuliko kinavyoonekana. Hushikwa kwa mpini, kamwe si kwa ule upinde wenye alama. Mkono wa kushoto husogeza wenzo polepole mpaka jua, likitazamwa kupitia kioo cheusi, lishuke ligusane na ukingo wa bahari. Hapo baharia hukiyumbisha kidogo, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Lakini vioo vikienda upande, hesabu yote ya mahali chombo kilipo imepotea. Kwa hiyo Mama Vipimo hupanda darini, akachungulia kwa kipimo ukingo wa paa la ghala la mbali. Ukionekana mstari mmoja, kipimo ni kizima. Ikionekana miwili, hukaza skrubu.

Mwezi huo kila kipimo kilimwonyesha miwili. Akakaza, akalegeza, akajipongeza. Chuo kikavirudisha: vimeharibika zaidi ya vilivyokuja. Kikitokea kingine hivyo, walisema kwa adabu, watatafuta fundi mwingine.

Akabaki darini na kipimo kimoja ambacho hajagusa skrubu zake, amekunja uso. Mkamwana wake akapanda na beseni la nguo.

"Mama, leo umekinunia hicho?"

"Kinanifanyia vituko. Hebu chungulia."

Binti akafuta mikono, akachungulia. "Mstari mmoja tu. Umenyooka kuliko kamba yangu."

"Usinitanie."

"Haki ya Mungu, mama."

Mama Vipimo akakichukua, akakiweka kwenye jicho la kushoto, ambalo halijawahi kufanya kazi hiyo. Mmoja. Akahamia la kulia. Miwili, na ukungu juu yake. Akaketi kwenye ngazi, midomo ikimcheza kwa dua.

"Kumbe vile vyote vilikuwa vizima," alisema. "Nimevipinda vifuate jicho langu."

"Tutakwenda hospitali, mama. Na chuo je?"

"Nitawaambia ukweli leo hii, nivinyooshe upya. Ila nakuomba, mwanangu, mpaka nitibiwe, ukimaliza kuanika uwe unanitazamia mstari."