Kibandiko cha Dada Chaki

Dada yangu haazimi mkasi. Tumefanya kazi chumba kimoja miaka ishirini na mbili, yeye akikata, mimi nikishona na kupiga pasi, na ule mkasi mkubwa wa kukatia sijawahi kuugusa bila ruhusa. Fundi wa jirani aliuchukua siku moja akakatie karatasi. Alifukuzwa hadi barabarani, na mpaka leo akipita kwetu hupita ng'ambo. Wateja wanamwita Chaki, kwa kuwa chaki haimtoki sikioni. Anakutazama mara mbili, anakupima mara moja, anakata. Nasema haya kwa maringo na sitaomba radhi.

Basi fikiria hali yangu siku alipoutundika mkasi ule msumarini akaniambia, "Kata wewe."

Alikuwa na miaka hamsini na moja. Hedhi ilikuwa imekoma mwaka uliotangulia, na nyuma yake likaja joto. Lilianzia kifuani likapanda hadi masikioni, hata asubuhi ya baridi, jasho likadondokea kitambaa cha mtu. Usingizi ulimkimbia. Akasahau vipimo alivyovichukua mwenyewe. Nikimuuliza, ananijibu, "Ni pasi yako inayonichoma. Izime!" Pasi yenyewe sijaiwasha. Dada ni mtu wa kufa na tai shingoni.

Ndipo akalikatia koti la mwalimu mkuu mikono miwili ya kushoto. Huyu mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wa nyuma ni mteja wetu tangu tufungue. Aliitazama ile mikono mezani, akasema taratibu, "Fundi, mimi mkono wa kushoto ninao mmoja tu." Watu wakacheka. Dada hakucheka. Tulinunua kitambaa kingine, na kuanzia siku hiyo nikawa nakata mimi kwa mkasi wangu mdogo, yeye anatia vifungo. Chaki anatia vifungo! Iliniuma kuliko ilivyomuuma mwenyewe.

Nilimkumbuka mama yetu. Alipofika umri huo aligeuka mkali, akawa analala sakafuni kutafuta ubaridi, nasi tukanong'ona kwamba mama ana roho mbaya. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Amekufa hatujamuuliza. Nikamburuta Dada kliniki.

Daktari, mwanamke mdogo kuliko sisi, alimpima presha, akauliza habari za matiti, za damu kuganda, za magonjwa ya ukoo. Kisha akaeleza: mwili umepunguza homoni, na kibandiko hiki kitaipitisha kwenye ngozi polepole. Kikae chini ya kiuno, kwenye ngozi safi na kavu. Abadilishe mara mbili kwa wiki, upande huu, kisha upande ule. Na kila usiku ameze kidonge cha kulinda mfuko wa uzazi.

Dada alikigeuza geuza kibandiko mkononi. "Miaka yote natia watu viraka, leo natiwa mimi?"

"Tena kiraka kizuri," daktari akasema. "Hakionekani."

Kingekaa, kisingeonekana. Wiki ya kwanza kilidondokea bafuni. Wiki ya pili kikatoweka kabisa. Siku mbili baadaye mwalimu mkuu akaingia, duka limejaa, amevaa koti nililomkatia mimi, limemkaa kama gunia. Kwa ncha za vidole ameshika kitu.

"Fundi, mzazi mmoja amenibandua hiki mgongoni katikati ya kikao. Ni lebo yenu mpya?"

Nilitamani ardhi inimeze. Koti lile Dada alikuwa amelipakata akilitia vifungo, na kibandiko kilichomtoka kiunoni kikanasa humo. Alikipokea kibandiko, akaomba samahani, akaingia nyuma ya pazia. Nilimfuata nikamkuta analia.

"Hata gundi imenikataa," akasema. "Mkasi uchukue, mdogo wangu. Mimi basi tena."

Hapo nilipandwa na hasira. "Gundi imekukataa! Si wewe unayenigombeza kila nikibandika kitambaa cha gundi kwenye kola chafu? Unaniambiaje? Gundi haishiki kitambaa..."

Akainua kichwa. Kisha akamalizia mwenyewe, polepole, "Chenye mafuta."

Tukatazamana. Kila asubuhi akitoka kuoga anajipaka mafuta mwili mzima, anabandika, halafu juu yake anafunga sketi yenye ukanda unaobana na kusugua palepale. Mafundi wawili, miaka ishirini na mbili, na daktari alisema safi na kavu tukaitikia kama watoto wa shule.

Machozi yalikauka palepale. Alisimama mbele ya kioo, akachukua chaki sikioni, akajitia alama chini ya mstari wa ukanda, kushoto na kulia. Akafungua daftari la vipimo, ambamo hajawahi kuwa na ukurasa wake, akaandika: nyonga ya kushoto Jumatatu, ya kulia Alhamisi. Jioni ile alifumua sketi zake zote akalegeza mikanda. Kesho yake asubuhi hakujipaka mafuta pale penye alama. Alibandika, akakandamiza kwa kiganja anavyokandamiza kola. Kikashika.

Sitadanganya kwamba alipona siku ile. Ilifika wiki ya tano ndipo akalala hadi alfajiri. Wiki ya saba akanigombeza: "Pasi yako imepoa, unafanya nini?" Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Mwalimu mkuu alirudi na kitambaa cha kijivu, zawadi ya wanawe kwa siku yake ya kustaafu. "Kipande ni hiki tu, hakina ndugu," akasema, akinitazama kwa wasiwasi. "Nani anakata?"

Kabla sijafungua mdomo Dada aliweka kando vifungo, akautungua mkasi, akaufuta vumbi. Alimpima mara moja. Akakata, na duka zima likatulia likisikiliza mkasi. Alipomaliza aliilaza mikono miwili ya koti ikielekeana.

"Hakikisha, mwalimu."

"Wa kulia, wa kushoto," mwalimu akacheka. "Na ile lebo hamniwekei tena?"

Zamani angekufa na tai yake. Safari hii alijipiga nyonga mbele ya watu. "Ile haikuwa lebo, mwalimu. Ni dawa yangu ya ukomo wa hedhi, na iko mahali pake."

Mwalimu alikohoa. Mwanamke mmoja benchini, mtu mzima, akajipepea na leso, akauliza kwa sauti ndogo, "Fundi, na mimi naweza kuipata?"

"Nitakupeleka kwa daktari," Dada akasema. "Akupime kwanza. Hakuna anayekata kabla ya kupima."

Nilinyoosha mkono niusogeze mkasi, mama yule apate pa kuweka mkoba.

"Acha mkasi wangu," Dada akasema.

Nikauacha, nikageukia pasi yangu, watu wasinione ninavyolia.