Pindo la Vidole Sita

Fundi Ismaël wa mtaa wa Gitega hana aibu ya kujisifu. Kaa kwenye benchi la kibanda chake dakika tano tu, ukisubiri zipu yako ibadilishwe, na atakuwa ameshakwambia kwamba ana miaka sitini na mmoja, kwamba anashona sare za shule tangu mguu wake ulipoweza kufikia kanyagio la cherehani, na kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kumtajia mtu kipimo cha mtu mwingine. Hilo la mwisho atalirudia mara mbili. Kuna wanaomwona mzee wa maneno mengi. Wamwulize kiuno cha jirani yao kina inchi ngapi, waone maneno hayo yanavyokauka.

Kazi aliirithi kwa baba yake, na baba aliipata kwa babu aliyefika na wafanyabiashara wa pwani, akaoa hapa, asirudi tena. Babu huyo hakujua kuandika namba. Kila mteja alimkatia ukanda mwembamba wa kitambaa cha nguo yake mwenyewe, na kipimo alikiweka kwa kuchanja kwa mkasi, ukingo mmoja wa mguu na ukingo wa pili wa mabega. Ismaël anayo futi na anaitumia kila siku, lakini kwa watoto wa shule hajaziacha kanda. Anazitunza zimefungwa mafungu mafungu katika mfuko juu ya kabati, na mfuko huo hata mkewe Aidah haruhusiwi kuufuta vumbi.

"Namba inakwambia mtoto ni mkubwa kiasi gani," hupenda kusema. "Ukanda unakwambia anakuja kwa mwendo gani."

Na mwendo anaujua. Wasichana hutangulia. Wa miaka kumi au kumi na mmoja anarefuka ghafla, nyonga zinapanuka, blauzi inaanza kubana kifuani. Hao ni wa Aidah, nyuma ya pazia, na Aidah hupima taratibu huku akieleza kwa sauti ya chini habari za siku za mwezi, kwa sababu si kila nyumba ina shangazi wa kuzieleza. Wavulana huchelewa kama miaka miwili. Kwao huanza nyayo, viatu vinakataa wakati suruali bado inafika. Halafu miguu inarefuka, mikono inachungulia nje ya shati, sauti inapasuka katikati ya neno, chunusi zinatoka, jasho linakuwa la kiutu uzima. Mabega huja mwisho kabisa. Ismaël huyaona haya mapema kuliko wazazi wenyewe, na huona fahari kwamba anayaona. Anaongeza akiba ya kitambaa ndani ya pindo, vidole vitatu, kisha anafunga mdomo.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, Shimwa alikuja peke yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano na anakaa Kibagabaga, upande wa pili wa mji, mwendo mrefu kwa mtoto aliyetumwa kupimwa suruali. Alisubiri mpaka benchi likawa tupu.

"Mzee, hii iko siri."

"Hapa hakuna kisichokuwa siri. Sema, mwanangu."

"Nataka uniwekee sponji hapa." Akagusa mabega yake, kwanza la kulia kisha la kushoto. "Na suruali iwe pana. Pana kabisa. Nionekane mtu."

Ismaël hakucheka, ingawa mdomo ulimwasha. Alichukua ukanda wa buluu wa Shimwa, akauweka mguuni kwake. Mchanjo wa miaka kumi na mitatu, wa kumi na minne, na huu wa leo, yote ilikuwa imebanana hivi kwamba punje ya mchele isingepata nafasi katikati. Mabega hayakuwa yamesogea hata kidogo.

"Wananiita bebe, kitoto kichanga," Shimwa alisema akitazama sakafu. Sauti yake ilikuwa nyembamba bado, ya mtoto. "Nikijibu mwalimu, darasa lote linacheka. Wenzangu wote wana ndevu, mimi sina kitu. Mwezi wa tisa sirudi shule. Nimeshasema nyumbani."

"Na baba akasemaje?"

"Baba anasema yeye miaka kumi na mitano alikuwa anabeba gunia la mahindi peke yake. Mabega ilikuwa tayari. Anasema nakula vibaya, nalala vibaya. Mzee, ndani yangu iko kitu imeharibika?"

Swali hilo lilimchoma Ismaël. Aliona hasira kwanza, kisha huruma, na vyote viwili vilikuwa vikali. Maana baba wa Shimwa ni Nkusi, mtu wa ofisi kule Kacyiru, mrefu, kifua mbele, na Nkusi alianza kushonewa hapa hapa Gitega akiwa na miaka kumi na mitatu, wazazi wake walipotoka Bukoba wakapanga nyumba nyuma ya kibanda hiki. Ukanda wake ulikuwa juu ya kabati. Aliyeuchanja ni Ismaël mwenyewe. Gunia la mahindi! Katika umri huo Nkusi hakuweza kuinua hata pasi ya makaa kwa mkono mmoja.

Mkono wa fundi ulikwenda juu ya kabati, ukagusa mfuko. Kitu kimoja tu kingetosha. Autoe ule ukanda, auweke mbele ya mtoto, na mtoto arudi nyumbani amepona. Na ile sifa ya maisha yake yote ingeishia hapo hapo, kwa mteja anayemshonea tangu utoto wake, kwa kipimo cha mwili wake. Alisimama hivyo, mkono juu, mpaka Shimwa akainua macho kumtazama. Mwishowe aliushusha mtupu.

"Hakuna kilichoharibika," alisema. "Nimepima watoto wengi kuliko nywele zako. Mwili una saa yake, na yako haijagonga. Sponji siweki. Siwezi kujaza mahali ambapo bega liko njiani."

Shimwa aliitikia kwa kichwa, lakini hakuamini. Ilikuwa inaonekana wazi kabisa usoni. Wazee wote husema hivyo.

Jioni Ismaël alikata suruali ya buluu, na pindo akalikunja vidole sita badala ya vitatu. Aidah alilipima kwa mkono wake akacheka. "Umeficha sketi nzima humo ndani. Na mtoto mwenyewe anasema harudi shule."

"Atarudi."

"Nani kakwambia? Na kama mwili ukizidi kuchelewa?"

"Hospitali iko pale pale kwao Kibagabaga, daktari atamtazama, si aibu. Lakini huyu ninamjua anakotoka." Hapo akanyamaza, na Aidah, aliyeolewa na mdomo huo miaka thelathini na mitano, hakumwuliza zaidi.

Koti la Nkusi lilikuwa kibandani tangu wiki iliyotangulia, bitana imechanika. Siku ya pili Ismaël alimpigia simu kwamba liko tayari. Nkusi alifika akitoka kazini, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni, akalijaribu koti, akalisifu. Alipokuwa akifunga vifungo, fundi alipanda kwenye kigoda, akateremsha mfuko, akafungua fungu moja kuukuu.

"Kuna kitu chako kingine, Nkusi. Nimekutunzia karibu miaka thelathini."

Ulikuwa ukanda wa kaki, umepauka, umelainika kwa miaka. Nkusi aliupokea kama mtu anayepokea risiti asiyoielewa. Akaugeuza. Akapitisha ukucha ukingoni na kukuta mchanjo, mwingine, mwingine, yote mahali pamoja. Halafu kitambaa kitupu, kirefu. Halafu mchanjo wa peke yake mbali kule, na baada ya hapo kipande kingine cha kaki kilichoungwa kwa uzi, kwa sababu ukanda haukumtosha tena.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe. Jina lako liko kwa kalamu ya risasi, na kando ya kila mchanjo iko miaka."

Nkusi akasogea mlangoni kwenye mwanga. Alisoma kwa midomo. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Alirudia ile ya kumi na tano. Ismaël alikuwa ameketi kwenye cherehani akijifanya anatunga uzi kwenye sindano. Hakuwa amesema neno lolote kuhusu Shimwa. Kipimo cha mtu amempa mwenyewe, basi. Yaliyobaki yalikuwa ya Nkusi.

Kicheko kilianza kidogo kidogo. Kisha Nkusi akakaa kwenye benchi, koti likiwa mwilini, akafunika macho kwa kiganja.

"Nilikuwa navaa suruali mbili," alisema. "Moja juu ya nyingine, Mzee. Ile shule yote, jua lote lile. Ili nionekane mnene. Mama alidhani naumwa baridi."

"Hilo silijui," Ismaël alijibu. Alilijua vizuri mno, maana zote mbili alizishona yeye.

"Na mimi namwambia mtoto nilikuwa nabeba gunia. Si kwamba namdanganya. Naliona gunia kabisa kichwani! Kumbe lilikuwa la miaka kumi na saba. Mtoto hataki kurudi shule, unajua?"

"Mimi ni fundi wa nguo," alisema Ismaël.

Jumamosi walikuja wawili. Nkusi alifagia vipande vya nguo mezani kwa mkono, akalaza ukanda wa kaki, kisha akaomba ule wa buluu. Ismaël alimtazama Shimwa kwanza, mpaka mtoto mwenyewe akasema, "Mpe, Mzee." Kanda mbili zikalala sambamba, na michanjo ya kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano ikakaa karibu mahali pale pale, baba na mwana, kana kwamba mkasi ulipita mara moja.

Shimwa aliinama mpaka pua ikakaribia meza. "Baba, hapa ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kama wewe. Na dada yangu mdogo alikuwa ananizidi kichwa. Waliniita kifaranga." Nkusi hakushusha sauti, ingawa benchini alikuwapo mwanamke akisubiri gauni. "Sauti yangu ilivunjika nina kumi na sita na nusu. Lile gunia nilikosea. Nisamehe, sha, mwanangu."

Mtoto aliweka kidole kwenye mchanjo wa kaki wa miaka kumi na mitano, akakisogeza pole pole juu ya kile kitambaa kitupu mpaka kule mbali alikofika baba yake, akakiacha hapo. Mwezi wa tisa alirudi shule amevaa suruali yenye pindo zito, mabega bila sponji.

Krismasi hakukuwa na kitu. Ismaël alichanja palepale, na usiku huo, afadhali isemwe, alikosa raha. Likizo ya Pasaka Shimwa aliingia akiwa na viatu vilivyokanyagwa visigino, na fundi akatazama nyayo hizo kwa furaha ambayo aliificha kwa kukohoa. Mwezi wa saba Ismaël alikuwa ameinamia vifungo aliposikia mtu mzima akisema "Salama, Mzee?" na neno la pili likapasuka katikati na kuwa la mtoto. Hakuhitaji kuinua uso. Alimwita Aidah aje asikie. Siku hiyo walifumua vidole vitatu.

Vitatu vya mwisho vilifumuliwa mwaka huu. Shimwa ana miaka kumi na saba, chini ya pua kuna kivuli anachokipapasa kila anapofikiri, na mlangoni inabidi ainame kidogo. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani ya pindo kilitoka na rangi yake ya siku ya kwanza, buluu iliyokoza, wakati mguu mzima umepauka kwa jua na sabuni. Kila mguu ukawa na mistari miwili inayoonyesha pindo lilikokuwa mwanzo na lilikofika baadaye.

"Leta niipige pasi na siki kidogo," alisema Ismaël. "Mistari itafifia. Au nishone suruali nyingine kabisa, hii imemaliza kazi."

"Oya, Mzee, hapana. Iache hivyo. Nataka waione."

Fundi akauchukua ukanda wa buluu, akaupima mguuni. Haukufika. Ilibidi aunge kipande kingine mwishoni, kama alivyounga kile cha kaki, na alikishona taratibu kuliko anavyoshona hariri. Alijivunia kijana yule kana kwamba kamzaa. Alipomaliza alimnyooshea.

"Uchukue sasa. Ni wako."

Shimwa aliukunja vizuri, akaufunga pamoja na ule wa baba yake, uliobaki kibandani tangu Jumamosi ile, akanyoosha mkono na kuliweka fungu juu ya kabati bila kupanda kigoda.

"Ukae nao wewe," alisema, na sauti yake nzito haikupasuka mahali popote. "Nikimwambia mwanangu kwamba nilikuwa mkubwa, unipe mkononi."