Anayesimama Kwenye Nyasi za Kulia

Saa mbili asubuhi, umande haujakauka, na Curtis Wendt amesimama na rungu lake la kupigia mpira kwenye uwanja wa besiboli wa Harmon, jimboni Iowa. Macho yake yako upande wa kulia, ndani ya nyasi, penye kipara cha upana wa nyayo mbili.

"Nimepanda mbegu tena na tena, hazishiki," anasema Mzee Hollis, mtunza uwanja. "Na hakuna anayepakanyaga siku hizi."

Curtis, mwenye miaka thelathini na mbili, hupiga kwa mkono wa kushoto, na mipira yake mikali huelekea kulia. Zamani wapinzani walirundika walinzi wa kudaka mipira upande huo, mmoja wakamweka kwenye nyasi kabisa.

"Nilikuwa kama nampelekea mtu posho yake," anasema. "Kila nikipiga, yuko pale, ananingoja."

Thamani yake ikaporomoka, timu ikamwacha. Akawa anapakua mizigo ghalani, mkewe Darla akisuka watu nywele jikoni.

Kisha sheria ikabadilika. Sasa walinzi wanne wa ndani hukaa wawili kila upande wa kituo cha pili, na miguu isitoke kwenye udongo kwenda kwenye nyasi. Wapigaji kama Curtis wakaanza kutafutwa tena. Walinzi wazito, waliojua tu pa kusimama, nafasi zao zikachukuliwa na wepesi wa mbio.

Timu ya Harmon ilimpa Curtis mwezi mmoja wa majaribio. Unaisha kwa mechi ya leo jioni, na mpaka sasa hajafanya la maana.

"Bado namwona," anasema kwa sauti ya chini. "Mrushaji akiinua mkono tu, yuko pale kwenye nyasi, ameinama. Mikono yangu inamkwepa yenyewe." Mipira yake huenda kushoto, milegevu, na kudakwa.

"Umerogwa na majani," anamtania Mzee Hollis. Lakini hacheki.

Mtu mwenyewe yu hai. Ni Emilio Barraza, aliyekichimba kipara kile kwa viatu vyake akiilinda Harmon, Curtis akiwa katika timu ya mji jirani. Sheria iliyomrudisha mmoja ilimtoa mwingine. Emilio sasa anauza karanga kwenye majukwaa ya uwanja huohuo.

Asubuhi hii amekuja kwa ombi la Curtis. Anasimama kwenye kipara. Nyayo zinaingia barabara.

"Pana baridi hapa," anasema.

"Haya, toka sasa, nikuone unatoka!" anasema Curtis.

"Naondoka, kaka. Usinipige mgongoni tu."

Anapanda jukwaani. Mzee Hollis anarusha. Mpira unaenda kushoto, mlegevu.

"Yuko palepale," anasema Curtis.

"Mimi niko huku, bwana! Unamwona nani?"

Curtis anageuka. "Nadi karanga zako. Nikikusikia nyuma yangu, nitajua hupo kule."

"Nani atanunua asubuhi hii, kunguru?"

"Nadi tu, Emilio. Nakuomba."

Emilio anajaza kifua. "Karangaaa! Karanga za motooo!"

Mzee Hollis anarusha. Rungu linalia. Mpira unakwenda kulia, unagusa kipara, unapita, unabingirika mpaka ukutani.

"Hukumwona?" anauliza Emilio.

"Nimemwona," anasema Curtis, akifuta jasho. "Ila safari hii aligeuka kukutazama wewe. Jioni nadi vilevile, kaka. Usinyamaze hata kidogo."