Hapana ya Kompyuta na Mbuzi wa Mama

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka moyo wangu hujaa shukrani. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale chuoni Chimwaga, kijana mwenye shingo ngumu. Usinicheke nikijiita mzee leo. Kwenye kazi yetu hii ya kompyuta mtu huota mvi mapema.

Mradi wangu ulikuwa kutengeneza programu ya kumsaidia mfugaji kutambua magonjwa ya mbuzi. Sikuuokota barabarani. Kwetu Kongwa mama alifuga mbuzi, na mbuzi hao ndio walionisomesha. Msimamizi wangu alikuwa Mwalimu Zaituni, mama mtu mzima wa Kondoa, mpole wa sauti lakini asiyevumilia ubabaishaji. Yeye ndiye aliyenishauri nitumie lugha moja ya kuandikia programu ambayo wenzangu hata jina lake hawakulijua.

Ni lugha ya mantiki. Huiamrishi kompyuta fanya hiki, kisha fanya kile. Unaieleza yaliyo kweli pamoja na kanuni zake, halafu unaiuliza, nayo inatafuta jibu. Tena maarifa hayo unayapanga kwa vitu: unamweleza mnyama mara moja, kisha mbuzi anarithi yote ya mnyama na kuongeza yaliyo yake mwenyewe. Kama watoto na wazazi wao tu.

Basi asubuhi hiyo nikakaa maabara, nikaipakua, nikaisakinisha, nikaifungua. Ikagoma. Kioo kikajaa ujumbe wa makosa. Nikaifuta, nikaiweka upya, ikagoma vilevile. Siku ya kuwasilisha mradi ilikuwa karibu, na asiyewasilisha alirudia mwaka. Nikaenda kwa mwalimu nimenuna.

"Shikamoo mwalimu. Naomba nibadilishe lugha. Hii ni mbovu."

"Marahaba. Maelekezo umeyasoma?"

Nilikuwa nimeyaruka, kama vijana wote tunavyoyaruka.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba," akasema. "Lugha hii haisimami peke yake. Imejengwa juu ya lugha nyingine ya mantiki, ya zamani zaidi. Wewe umeleta bati. Kuta ziko wapi?"

Angeweza kuishia hapo, maana kazi zake zilikuwa tele. Lakini alifunga ofisi, akaja kuketi nami maabara. Tukaanza na ile lugha ya zamani. Akataka niiulize swali jepesi kwanza, tuone kama ni nzima. Ikajibu. Ndipo tukaiweka ile mpya juu yake, tukaifungua kwa njia iliyoelekezwa, tukapakia mfano mdogo uliokuja nayo. Ikakubali! Nilicheka peke yangu kama mtu aliyepata mvua ya kwanza. Nikaandika kuhusu mnyama, nikaandika kuhusu mbuzi, nikaongeza kanuni za minyoo na za ukurutu.

Alasiri simu ikaita. Alikuwa mama, akanisalimu kwa salamu ya kwetu.

"Mbukwa, baba. Yule mbuzi mweusi anakohoa tangu jana, pua nayo inatoa makamasi. Nimtenge, au nimwache zizini na wenzake?"

Kichwa kikavimba, mwanangu. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikaiandikia kompyuta dalili hizo, nikaiuliza kama mbuzi huyo ana ugonjwa. Ikajibu hapana. Nikafungua mdomo nimwambie mama amwache tu. Mwalimu Zaituni akanishika mkono.

"Imejua kwamba ni mzima, au haijaambiwa?"

"Imesema hapana, mwalimu."

"Kuhusu kikohozi umeiandikia kanuni gani?"

Sikuwa nimeandika hata moja.

"Basi sikiliza. Kitu ambacho haiwezi kukithibitisha kwa yale uliyoiambia, lugha hii inakijibu hapana. Hiyo hapana inatoka kwako, mbuzi hana habari nayo. Nipe simu."

Akamsalimia mama kwa heshima kama dada yake, kisha akamwambia, "Mtenge sasa hivi, halafu umwite bwana mifugo aje amwone kwa macho. Sisi tuko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka."

Bwana mifugo alipofika alikuta ni homa ya mapafu. Yule mweusi hakupona. Wenzake walitibiwa mapema, na zizi la mama likabaki na mbuzi. Kama si mkono ule, sijui ningemtazamaje mzazi wangu.

Nilirekebisha programu yangu. Kila ilipokosa kanuni kuhusu dalili fulani, ilikiri kwamba haijui, ikamwambia mfugaji amwite bwana mifugo. Nikaiwasilisha hivyo, nikafaulu. Siku ya mahafali mama alikuja na karanga za shambani kwake, akampelekea Mwalimu Zaituni. Akazipokea kwa mikono miwili, wakakumbatiana, mmoja akicheka na mwingine akifuta machozi. Mimi nilisimama pembeni na joho langu, nikiwatazama.

Sasa nakuambia wewe unayeanza. Kabla ya kujifunza jambo jipya, ulizia limesimama juu ya nini, uanze na hilo. Andika kidogo, jaribu, ndipo uongeze. Mashine ikikukatalia, usiitukane, wala ikikujibu usiisujudie. Jiulize ni kipi ambacho hujaiambia. Na mwalimu akikukemea mbele ya watu, vumilia. Kuna wengi watakaokuacha ukosee kwa sababu wewe si kitu kwao. Anayekukemea amekuhesabu kuwa wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe akili yenye nuru na moyo usioona haya kusema sijui, na kazi ya vidole vyako iwafikishie heri waliokulea. Amina.