Kilo Isiyofika Kilo

Mpwa wangu tunamwita Tulia, na jina hilo ni kejeli tupu, maana tangu azaliwe hajatulia. Akikaa, mguu unatikisika. Akisimama, mkono unafuta meza iliyokwisha kufutwa. Alijaribu kushona, akawa anainuka kila akimaliza pindo. Mwisho akaangukia kwenye mafuta ya kula, na huko akadumu, kwa sababu mafuta nayo hayatulii. Yanateleza, yanadondoka, yanataka kufutwa kutwa nzima. Wamekutana.

Kibandani ana pipa lenye bomba, faneli, na kopo la kupimia la lita moja. Bango la nje niliandika mimi, kwa mwandiko huu unaosifiwa mtaa mzima: MAFUTA SAFI, KOPO MOJA KILO MOJA. Kwani nani hapa husema lita? Watu husema nipe kilo, nipe nusu kilo, na maisha yanaendelea.

Asubuhi moja akaja mkaguzi wa vipimo, mizani kwapani, kufuli mkononi. Kibanda cha sukari cha jirani alikuwa amekwisha kukifunga. Akasoma bango. Akaweka kopo tupu kwenye mizani, akairudisha kwenye sifuri, akasema jaza. Tulia akajaza hadi ukingoni. Mizani ikaonyesha gramu mia tisa na ishirini.

"Mama, kilo yako haijafika kilo. Nafunga."

Tulia akazunguka pipa, akarudi, akazunguka tena. "Sijawahi kumpunja mtu! Nikifungiwa nitakaa wapi mimi? Mjomba, sema!"

Nikasema. Darasa la sita nililisoma mara mbili, sikubali kuonewa. "Kijana, kilo ni lita na lita ni kilo. Tulifundishwa hivyo kabla mama yako hajaota kukuzaa."

"Hayo ni ya maji, mzee."

"Basi pima maji!"

Nilisema kwa hasira, lakini mwenye akili hata hasira yake ina faida. Tulia alikuwa ameshamimina mafuta pipani, akalisugua kopo kwa sabuni, akajaza maji hadi ukingoni. Kilo moja kamili. Mkaguzi akapima tena, asiamini.

"Haya. Kopo ni la haki, mafuta ndiyo mepesi, ndiyo maana yanaelea juu ya maji. Linalodanganya ni bango. Nani aliandika?"

Nikashikwa na kikohozi.

Tulia akakwangua KILO kwa kisu, akapaka LITA. Rangi haijakauka, akatokea muuza chipsi na chupa yake ya lita. "Tulia, nipe kilo, haraka, jiko linawaka!"

Mkaguzi akalichezesha kufuli. Mtu aliyeomba kilo akipewa lita, si ndiyo kupunjwa kwenyewe?

"Kaka, niazime mizani," Tulia akasema. Akapima kopo la mafuta, akalimimina chupani, kisha akapima gramu themanini zilizopungua kilo, akamimina nazo. Chupa ikajaa, ikafurika, mafuta yakamtiririkia muuza chipsi hadi kwenye kiwiko.

"We! Leo kilo imenenepa? Siku zote ulikuwa unanipa nini?"

"Lita, dada. Wewe ndiye uliyeiita kilo."

"Basi nipe hiyohiyo ya siku zote, inayoingia kwenye chupa!"

"Itaje jina."

"Lita! Lita, jamani! Mtu unakuja kununua mafuta unapewa mtihani!"

Mkaguzi akacheka, akalitia kufuli mfukoni, akachukua mizani yake na kuelekea mtaa wa pili. Nikavuta kigoda, nikamwambia mpwa wangu sasa atulie, apumue, amshukuru mjomba wake.

Hakunisikia. Alikuwa ameshashika kisu na kopo la rangi, anachungulia njia ya mkato.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kumtangulia. Huko kuna vibanda vitatu vya mafuta, mjomba. Na mabango yote ni mwandiko wako."

Akatoka mbio. Nikabaki na pipa, nafuta meza.