Kesi ya Ugali Baridi

Hasira yangu iko karibu, na sijawahi kuiombea msamaha. Muhula ule, baada ya zamu zangu za kutunza wazee, nilikuwa nikisoma historia ya Ulaya ya enzi za kati katika chuo kimoja karibu na nyumbani, Alexandria ya huku Marekani. Tulikuwa tumefika kwenye mateso. Mshukiwa alifungwa mikono nyuma, akavutwa juu kwa kamba mpaka mabega yakateguka, kisha akaulizwa: uliiba? Akikana, kamba ilivutwa tena. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba waliouliza walijiona watu wema, wanaomsaidia mwenye dhambi kusema ukweli.

Jumapili moja nilimpeleka mpwa wangu, binti wa dada yangu, kwenye maombi ya akina mama wa Kikenya katika mji jirani wa Bowie. Alikuwa amefika kutoka Nakuru miezi michache tu, anatafuta kazi ya kutunza wagonjwa. Kazi hizo kwetu hupatikana kwa mdomo wa mtu; mama mmoja amwambie bosi wake, "Huyu namjua, ni mtu safi." Zaidi ya jina lake zuri, msichana hakuwa na kitu.

Mwenyeji wetu ni muuguzi wa miaka mingi. Mpwa wangu alimsaidia jikoni huku mimi nikienda dukani kununua soda. Niliporudi nilikuta chakula kinapoa na wanawake wananong'onezana. Pete ya ndoa ya mwenyeji ilikuwa imepotea, na mgeni pekee jikoni alikuwa mpwa wangu. Mwenyeji na wenzake wawili walikuwa wamemwingiza chumbani na kufunga mlango.

"Mamii, si u-admit tu?" nilisikia. "Hakuna mtu atakuitia polisi."

"Auntie, mimi sija-touch hiyo ring. Haki ya Mungu."

"Tunakupenda. Sema tu, tuombe, hii maneno iishe."

Niliingia bila kubisha. Msichana alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kamasi zinamtoka kama mtoto. Akaninong'oneza, "Auntie, niki-admit wataniacha?"

Damu ilinichemka. Hapakuwa na kamba chumbani mle. Palikuwa na mito ya maua na sauti za upole, na bado mtoto wa watu alikuwa tayari kukiri wizi asioufanya, ili mradi aachwe apumue. Nilimshika mkono nikamtoa hadi sebuleni.

Huko mama mmoja alikuwa na wazo lake. "Tuombee maji, huyu msichana akunywe. Kama ni yeye, tumbo itafura."

Hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Kabla kamba haijashika kasi, makasisi wa Ulaya walibariki mkate mkavu, mshukiwa akaumeza. Ukimkwama, basi ni mwizi. Makasisi walipokatazwa kushiriki majaribio ya aina hiyo, mahakama zikazidi kuikimbilia kamba. Nikawaeleza haya yote nimesimama, mikono kiunoni.

"Haya, tufanye kama wale," nikasema. "Lakini hatumjaribu mmoja. Tunakula wote, na mshitaki ndiye anaanza."

Nilifungua friji nikapata ugali wa jana, mgumu kama sabuni ya kufulia. Nikamega tonge nene, nikampa mwenyeji. Bila mboga, bila maji. Wote walikuwa wakimtazama mdomo. Alitafuna, akatafuna tena, akajaribu kumeza. Halafu macho yakamtoka, akakohoa mpaka vipande vikaruka juu ya meza.

"Kwa sheria ya zamani," nikatangaza, "mwizi ni wewe!"

Kicheko kilichoanguliwa sebuleni mle nadhani kilisikika barabarani. Hata yule mama wa maji alijishika mbavu. Nilifurahi, sisemi uongo. Nilifurahi sana.

Mwenyeji aliposhushia maji na kupata pumzi, alikwenda jikoni kuchukua kitambaa cha kupangusia meza. Alivuta glavu kutoka kwenye boksi kando ya sinki, mazoea ya kazini, akasimama ghafla akitazama kidole chake.

"Woi," akasema. "Nilikuwa nakata pilipili."

Sote tunaotunza wagonjwa mle ndani tulielewa papo hapo. Kazini tunafundishwa kuvua glavu kwa kuigeuza ndani nje, uchafu usikuguse. Alipomaliza kukata pilipili alikuwa ameivua glavu na pete pamoja, akatupa. Tulimwaga taka zote sakafuni, na ndani ya kidole cha glavu tukaipata, inanuka pilipili.

Mwenyeji alilia, akamkumbatia mpwa wangu. Mtu akaanzisha wimbo ili tumalizie kwa sala, mambo yaishe kimya kimya kama kawaida yetu. Mpwa wangu akajitoa mikononi mwake.

"Hapana," akasema. "Mlitaka niseme niliiba. Sasa semeni sikuiba. Mmoja mmoja."

Wimbo ukakatika. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia; alikuwa hanihitaji. Akaanza na yule wa maji, akimtazama usoni. "Hakuiba," yule mama akasema. Akaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, akaizunguka sebule nzima bila haraka. Mwenyeji alikuwa wa mwisho, na alisema huku akitazama zulia.

"Auntie, sikusikia," mpwa wangu akamwambia kwa adabu, na mwenyeji akainua kichwa, akalisema tena kwa sauti.